Chama Kisicho na Mshindani: Ngoma ya Beni, Tabora na Msamiati wa Siasa katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna ngoma ya beni ilivyosomwa na wataalamu, hususan Mitchell (1956) na Ranger (1975). Yanadai kwamba mjadala wa iwapo beni ilikuwa uigaji au ubunifu wa wenyeji umefunika jambo ambalo Kiswahili chenyewe kinalionyesha: chama cha mchezo hakiwezi kuwako bila mshindani wake. Mifano inatoka Tabora na njia ya zamani ya misafara.

1. Utangulizi

Beni ilizuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikaenea bara pamoja na askari, makarani na watumishi wa nyumbani. Katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ilijigawa katika vyama viwili vikuu, Marini na Arinoti. Kila kimoja kilikuwa na wafalme na majenerali wake, sare zake, gwaride lake na michango yake. Kilikuwa, kwa ufupi, serikali isiyo na nchi. Vijana wa leo wanaounda vyama vya kubuni katika michezo ya kompyuta ya kuendesha serikali, wakagawana uwaziri na kupigiana kura, hudhaniwa kuwa wameanzisha jambo geni. Wanaojua beni watasita kukubali. Swali linalowahusu wote ni moja: chama cha mchezo kina uhusiano gani na chama cha kweli?

2. Uigaji au ubunifu?

Mitchell, alipochunguza kalela huko Luanshya, aliitazama beni kama mtangulizi wa ngoma hiyo na akaona ndani yake igizo la ngazi za kikoloni: mnyimwa madaraka akijivika madaraka kwa saa chache. Ranger alipinga usomaji huo. Alionyesha kwamba beni ilirithi ushindani wa mitaa ya miji ya Waswahili, ushindani uliokuwako kabla ya Mzungu kuleta tarumbeta. Alionyesha pia kuwa vyama hivyo vilikuwa na kazi halisi. Mwanachama aliyehamia mji mwingine aliwakuta wenzake wa kumpokea, na mgonjwa au mfiwa alisaidiwa.

Hoja ya Ranger ina nguvu zaidi, lakini haikufika mwisho. Akiwa mwanahistoria, alitumia nyimbo na vyeo kama ushahidi wa mabadiliko ya jamii. Hakuuliza wachezaji walikuwa wakitenda nini kwa maneno hayo. Wahakiki wa fasihi simulizi waliomfuata mara nyingi wameridhika kuchagua upande: ama beni ni kasumba, ama ni mapambano yaliyojificha. Pande zote mbili zinachukulia kwamba kuna siasa ya kweli mahali pengine, na kwamba mchezo ni kivuli chake.

3. Kucheza, chama, kushindana

Kiswahili hakiungi mkono dhana hiyo. Kitenzi -cheza hutumika kwa ngoma, bao na mpira bila kubadilika; anayeicheza beni kama dansi anaicheza pia kama shindano. Vivyo hivyo neno chama. Lilitumika kwa kikundi cha ngoma, kwa kikundi cha kuzikana na, baadaye, kwa TANU. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam mwaka 1955, alipitia vikundi vya ngoma, naye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kimojawapo. Geiger (1997) ameeleza jambo hilo vizuri. Wanawake hao hawakuhitaji kufundishwa chama ni nini.

Ushahidi mzito zaidi umo katika mofolojia. Mshindani ni m-shind-an-i: ndani yake mna kiambishi cha kutendana. Mpinzani nalo limebeba -an- hiyohiyo. Kwa umbo lake, kila mojawapo ya majina haya humtaja mtu kwa kumhusisha na mwenzake; hakuna mshindani wa peke yake. Beni iliitii sarufi hii. Marini walijidai ustaarabu na kuwadharau Arinoti, lakini ustaarabu huo ulihitaji Arinoti wa kuutazama. Aliyeshindwa leo alikusanya michango, akashona sare mpya na kurudi. Ushindani huo ulikuwa na gharama, matusi na pengine ugomvi, na haufai kupambwa. Hata hivyo, ushindi wa kumfuta mwenzako ungekuwa mwisho wa mchezo, si kilele chake.

4. Njia ya misafara

Njia iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikuwa imezoea mamlaka za aina hii muda mrefu kabla ya beni. Burton, aliyefika Kazeh, pale Tabora, mwaka 1857, alimweleza kirangozi wa msafara, cheo ambacho msomaji wa leo atalitambua ndani yake neno kiongozi. Alivaa nguo nyekundu na manyoya, akatembea mbele na bendera, nyuma yake mpiga ngoma. Aliyemtangulia njiani alitozwa faini. Jioni alitoa hotuba ya safari ya kesho. Madaraka yake yalikuwa ya kweli, lakini yaliishi ndani ya mwendo wa msafara na yalitegemea vazi, ngoma na hotuba.

Njia hiyohiyo ilikuza utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani hutukana bila kushtakiwa, na mtani huyohuyo ana wajibu msibani. Kwa wapagazi waliofia mbali na kwao, wajibu huo haukuwa mzaha. Utani ni taasisi inayompa mpinzani nafasi ya kudumu na kumfanya awe wa lazima. Beni ilipofuata askari na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilikuta watu waliokwisha kuijua kanuni hiyo.

5. Tabora, 1958

Mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 unaisogeza hoja mbele. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. UTP, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana Twining, kilistahili kuitwa cha kubuni kuliko Marini. TANU iliamua kuucheza mchezo ambao kanuni zake haikuzitunga. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda ANC. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na UTP ikafifia hadi kuvunjwa. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mwaka 1965 ikawa chama pekee Tanganyika.

Hapo ndipo chama cha kweli kilipoachana na chama cha mchezo. Lakini mwaka huohuo wa 1965 kila jimbo lenye ushindani lilipewa wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Upacha ulirudi kupitia mlango wa nyuma, ila ukiwa mtupu: hakuna aliyekuwa mwanachama wa jembe, na baada ya kura alama hizo hazikuwa na watu wa kurudi mwakani.

6. Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba beni iliizaa TANU. Kilichopita kati yao ni msamiati na utaratibu, si itikadi. Linalodaiwa ni kwamba usomaji wa beni kama kivuli umegeuza mambo. Katika jambo moja mchezo ulikuwa mkamilifu kuliko siasa: ulijua kwamba mshindani ni sehemu ya chama. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, neno mpinzani limekuwa likitumika mara nyingi kana kwamba ni sawa na adui, yaani kana kwamba -an- imedondoka. Uhakiki wa fasihi simulizi unaoirudia beni kwa makini ya kiisimu unaweza kuonyesha kwamba kiambishi hicho bado kipo, na kwamba Marini na Arinoti walikisikia.