Matusi Nayo ni Chombo cha Unyonyaji

Mwanamume akiwa mwoga hutukanwa kwa kuitwa mwanamke. Mwanamke akiwa shujaa huitwa jike dume, na msemaji hudhani amemsifu. Shina la maneno hayo ni moja: ushujaa umefanywa mali ya wanaume, na mwanamke akiwa nao huhesabiwa kuwa ameuazima.

Hali halisi inasema vingine. Kuanzia 1955 Bibi Titi Mohamed na wenzake waliwaingiza maelfu ya wanawake katika TANU, mkoloni akitazama. Azimio la Arusha la 1967 likaeleza wazi kwamba wanawake wa vijijini walifanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku. Je, huo ndio woga?

Basi tusi hili si mzaha. Humnyima mzalishaji heshima ya jasho lake, ili anayelila jasho hilo asione haya. Vivyo hivyo, mwanamke anayesimama mkutanoni kuhoji hesabu za kijiji akiitwa malaya, hoja yake huzikwa bila kujibiwa, na mwizi hupona.

Tunasisitiza: kada anayeongoza mkutano alikemee tusi papo hapo, kisha adai hoja ijibiwe. Anayecheka pamoja na watukanaji amekwisha kuchagua upande.