Al-Inkishafi na Moyo Unaojihoji

Katika tungo za kale za Kiswahili, chache humtisha mwanafunzi kama Al-Inkishafi. Humtisha kwa sababu mbili. Kwanza, lugha yake ni ya pwani ya kaskazini, ambako macho huitwa mato na nchi huitwa nti. Pili, habari yake ni mauti, na kijana hapendi kuambiwa habari za mauti wakati maisha yake yangali asubuhi. Nakusihi, msomaji, usiuweke kando utungo huu kwa sababu hizo. Ugumu wa lugha hushindwa na subira. Na mauti hayana desturi ya kuuliza umri.

Aliyeutunga ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mmoja wa masharifu wa Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu. Pate ilikuwa dola yenye nguvu na utajiri. Wafanyabiashara wake walijenga majumba ya mawe, na watunzi wake walisifiwa pwani nzima. Kisha vita na fitina za kuwania utawala ziliidhoofisha dola hiyo, na majumba yakabaki magofu. Mtunzi aliyatazama magofu hayo akapata somo. Neno inkishafi lenyewe maana yake ni kufunuka, kama kitu kilichofichika kinavyoondolewa pazia.

Angalia kwanza, msomaji, ni nani anayesemeshwa. Wengi wanaohubiri habari za mauti huwanyoshea wenzao kidole: wewe tajiri, wewe mwenye kiburi, wewe mpenda dunia. Sayyid Abdallah hafanyi hivyo. Anauita moyo wake mwenyewe, anaukemea, na kuuuliza kwa nini haujazinduka. Tena, anapowataja kwa majina wakubwa walioondoka, mmojawapo ni Ali bin Nasiri, jina lile lile la baba yake. Basi hasimami nje ya msiba akiwacheka waliofikwa. Yumo ndani yake. Nadhani hiyo ndiyo siri ya nguvu zake, maana anayeanza kujihukumu mwenyewe husikilizwa hata na watu wasio wa mji wake wala wa dini yake.

Angalia pili jinsi anavyofundisha. Angeweza kusema tu kwamba dunia hudanganya, nasi tungeitikia na kusahau kabla ya chakula cha jioni. Yeye aifananisha dunia na bahari iliyochafuka yenye miamba, na mazigazi yanayomhadaa mwenye kiu, na taa iliyowekwa penye upepo. Kisha atuingiza ndani ya nyumba za Pate. Twaona taa zikiwaka, vitanda vya fahari, na watu wanaotembea kwa maringo. Mara twaona nyumba zile zile zimekuwa tupu. Popo wananing'inia juu, buibui wametanda utando, na kimya kimetawala. Katika kuta mlikuwa na zidaka za kupangia vyombo vya thamani. Sasa zidaka hizo zimekuwa viota vya ndege. Mahali ni pale pale, ila mwenyeji ndiye aliyebadilika. Picha hiyo moja ina nguvu kuliko mahubiri marefu, kwa kuwa haituambii tuhuzunike. Yatuachia tuone wenyewe.

Lakini mhakiki hana kazi ya kusifu tu. Mimi naona upungufu wa namna mbili. Wa kwanza ni kwamba, karibu na mwisho, mtunzi ataja moto wa akhera kwa majina yake na adhabu zake. Hapo aliyekuwa akituonyesha aanza kututisha. Hofu ni mwalimu, lakini mwanafunzi wake hukimbia mara mwalimu anapogeuka. Popo wa Pate wanabaki akilini mwangu kuliko ndimi za moto. Wa pili ni kwamba katika majumba yale mlikuwa na watumishi waliowakanda mabwana na kuwapepea wapate usingizi. Mtunzi awataja kama sehemu ya starehe, kisha machozi yake yawafuata mabwana. Je, mpepeaji naye hakufa? Msomaji wa leo hana budi kuuliza swali hilo.

Liko swali jingine, nalo lakuhusu wewe hasa. Ikiwa kila jengo litakuwa gofu, ya nini kusoma? Ya nini mzazi wako auze mbuzi ili alipe karo? Wako wasomaji wanaodhani utungo huu wafundisha kukata tamaa. Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni utungo wenyewe. Tazama umbo lake. Kila ubeti una mishororo minne: mitatu ya kwanza yapatana vina, na wa nne hurudia kina kinachofunga beti zote. Mtu anayeamini kwamba kazi yote ya mikono ni bure hawezi kukesha akisawazisha vina hivyo. Sayyid Abdallah hakuchukia kazi njema. Alichokikemea ni moyo unaojenga huku umesahau kwamba utaondoka.

Tena usidhani kwamba mambo haya ni ya pwani peke yake. Mji wetu wa Machakos una jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba wa karne ya 19. Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza iliweka kituo hapa, nao mji ukawa makao makubwa ya utawala katika bara. Reli ikapita mbali, na mwaka 1899 makao hayo yakahamia Nairobi, mahali palipokuwa na kinamasi na kambi ya reli. Ukuu hauagi unapoondoka. Lakini tazama vilima vyetu: matuta waliyochimba wazee kuzuia udongo usichukuliwe na mvua yangalipo, na mahindi hupandwa juu yake na wajukuu wasiojua majina ya waliochimba. Wazee hao walijua kwamba watakufa, na bado walichimba.

Usome utungo huu, basi, polepole, kwa sauti, na ukiwa na mwalimu wa kukufungulia maneno. Ukifika penye zidaka, simama kidogo. Usimfikirie jirani yako mwenye gari jipya, wala mkubwa fulani mwenye maringo. Uulize moyo wako, kama Sayyid Abdallah alivyouuliza wake, unajenga nini, na unamjengea nani.