Nyumba ya Royall: Kisa Kisiishie 1783

Makumbusho ya nyumba nayo ni maandishi. Kuna kilichowekwa sebuleni ili kila mgeni akione, kuna kilichoachwa stoo, na kuna aliyeamua hivyo. Kwa hiyo yanaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya. Swali la kwanza ni lilelile: hiki ni kisa cha nani?

Nyumba ninayoisema iko Medford, Massachusetts, jirani na Boston. Ni ya enzi za ukoloni wa Waingereza, kabla Marekani haijawa nchi. Isaac Royall alihamia huko mwaka 1737 akitokea Antigua, alikotajirika kwa sukari na biashara ya watumwa. Alikuja na Waafrika 27 aliowamiliki. Jumba lina orofa tatu, na upande wa magharibi mbao zimechongwa zifanane na mawe, mgeni adhani mwenye nyumba ni tajiri kuliko alivyo. Hatua chache kutoka hapo kuna jengo la pili, walimoishi watumwa. Majengo ya namna hiyo yalikuwepo mengine kaskazini mwa Marekani, lakini lililosalia limesimama peke yake ni hilo tu.

Mwaka 1908 chama cha wapenda historia kililinunua jumba ili lihifadhiwe. Tuwape haki yao. Bila wanachama na watu wa kujitolea, leo tusingekuwa na cha kujadili. Ila kwa miongo mingi kisa walichosimulia kilikuwa cha samani, ngazi nzuri, na John Stark, kamanda wa vita vya uhuru aliyeweka makao yake humo. Watumwa walikuwa wapita njia tu. Mambo yalibadilika karibu na mwaka 2000, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Boston walipochimba uani na kutoa ushahidi wa maisha ya watu wote wa pale, si ya familia moja. Sasa makumbusho yanaitwa Nyumba ya Royall na Makazi ya Watumwa. Hiyo "na" si ndogo, jamani. Ni chama kujihakiki chenyewe hadharani, kwenye kibao cha mlangoni.

Hata hivyo jumba kubwa limejaa vitu, na ya watumwa ni machache. Ukitaka sauti yao lazima ugeukie karatasi, na hapo ndipo anapoingia Belinda.

Tarehe 14 Februari 1783, Belinda, mwanamke mzee aliyetumikia nyumba ile kwa takriban miaka 50, alipeleka ombi kwenye bunge la Massachusetts. Royall mdogo alikuwa amekimbia mwaka 1775, akafia Uingereza. Belinda aliomba alipwe kutoka kwenye mali hiyo, yeye na binti yake mgonjwa. Hakujua kuandika. Aliweka alama ya X, na wasomi wengi wanadhani aliyemshikia kalamu ni Prince Hall. Lakini kisa ni chake. Kinaanzia kando ya mto Volta, utotoni, pamoja na wazazi wake, kabla hajatekwa. Anayekisoma anaona kwanza nyumba aliyoporwa, ndipo aone ile aliyotumikia. Mpangilio huo una hoja: kabla ya kuwa mali ya mtu, alikuwa mtoto wa watu.

Bunge likakubali: pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Wengi wanaosimulia kisa chake hukomea hapo, wakakiita ushindi. Mimi naona huko ni kukisoma nusu. Alilipwa mwaka mmoja, malipo yakasimama. Akarudi tena kuomba, na tena, hadi 1793. Katika maombi ya baadaye jina lake ni Belinda Sutton, mjane. Ukiyasoma yote kwa pamoja unapata hadithi ya mtu aliyepewa haki kwenye karatasi halafu akazungushwa, na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia mafao ofisi hadi ofisi ataielewa bila mkalimani.

Sasa linganisha na karatasi nyingine ya mali hiyohiyo. Wosia wa Royall uliiachia Harvard ardhi, na fedha zake zikagharimia kiti cha kwanza cha profesa wa sheria. Shule ya Sheria ikafuata mwaka 1817. Miganda mitatu ya ngano ya ukoo wa Royall ilikaa kwenye nembo ya shule hiyo hadi 2016, wanafunzi walipoigomea. Neno la marehemu lilitekelezwa. Amri ya bunge kwa mwanamke aliye hai ilihitaji kukumbushwa kwa miaka kumi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa mtembezaji yeyote wa kujitolea pale Medford ni dogo. Ukifika kwa Belinda, usiseme "alishinda" kisha ukawapeleka wageni bustanini. Wasomee ombi la kwanza, la pili, na yote yanayofuata. Watachoka kusikiliza. Yeye pia alichoka, na bado akarudi.