Barua zetu za staji zinalia sana

Kila mwezi wa kwanza inarudia. Mutu anatupa tangazo kwenye grupe ya promosio: staji ya utafiti Marekani, wiki kumi, wanalipa nyumba na posho, sayansi na injiniari, "sambaza kwa wengine!" Saa moja haiishi, limekwisha kuzunguka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wale wanaofungua ukurasa wenyewe wa tangazo, utawahesabu kwa vidole.

Mimi niko kati ya wakubwa wanaosomea wadogo barua zao mbele ya kuzituma. Mwaka huu zimenifikia kumi na saba. Ninataka kusema neno juu ya matangazo, lakini zaidi juu ya barua.

Kuna mustari moja ambao tunauruka. REU, ile programu inayolipwa na NSF, shirika la sayansi la serikali ya Marekani, inachukua wanafunzi kama kumi kwa kila kituo. Anayelipwa kwa feza hizo anapaswa kuwa raia wa Marekani ao mwenye ruhusa ya kukaa kule daima. Haijafichwa, imeandikwa wazi. USRA ya NSERC, kule Kanada, wiki 14 mpaka 16 za kazi, ni karibu vile vile: raia, mukaaji wa kudumu, ao mutu aliyepewa ulinzi kama mukimbizi. RISE ya DAAD, Ujerumani, inatafuta wale wanaosoma kwenye vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Irlandi. Kama unasomea Lubumbashi ao Bukavu na pasipoti yako ni ya Kongo, barua yako itawekwa pembeni mbele mutu hajafika kwenye jina la fakulte yako. Inaniuma, tena ninaelewa: ni feza ya kodi ya watu wao. Lakini mudogo amekwisha kulipa siberi, amelipa mutu wa kutafsiri releve ya pointi, amelala saa nane ya usiku. Nani atamurudishia?

Na upande mwingine unanisumbua zaidi. Wakongomani ni kati ya wakimbizi wengi Marekani iliopokea miaka hii iliyopita, na kisha mwaka moja mukimbizi anaweza kuomba ile kadi ya kukaa daima. Kwa hiyo binamu yako aliyekomalia kambi ya Nyarugusu ao Nakivale, ambaye leo anasoma biolojia kwenye chuo kidogo kule na usiku anafanya kazi ya kiwanda, yeye njo anaweza kuomba REU. Yule wa Kanada aliyepewa ulinzi anaweza kuomba USRA. Sasa tangazo linazunguka kwetu siku tatu nzima, na yeye hakuna mutu amemutumia. Mutumieni, jamani.

Milango iliyo wazi kwetu ni michache. CERN, Geneva, inapokea pia wanafunzi wa inchi ambazo si memba. Inaomba uwe umemaliza angalau miaka tatu ya chuo kikuu kwenye fizikia, injiniari, hesabu ao informatike. G3 ya zamani, L3 ya LMD, hesabu inaingia. OIST, kule Okinawa, Japani, inapokea wanafunzi wa mataifa yote. Mushindano ni mukali, na pale barua yako njo itakusemea, juu wewe hauko.

Basi tuongee barua. Kati ya zile kumi na saba, kumi na moja zilianza na ile heshima tuliyofundishwa ya kuandikia mukubwa wa ofisi: nina heshima ya kuja mbele ya wema wenu mukubwa... Kwa Kifaransa cha kwetu ni adabu. Kwa profeseri wa kemia aliye na barua mia tatu mezani, ni mustari wa bure. Paragrafu ya pili: Kongo ni tajiri ya madini lakini watu ni maskini. Ya tatu: baba alikufa, mama anauzisha unga, mimi ni wa kwanza kati ya watoto nane. Yote ni kweli, na sichekelee mutu. Lakini yule profeseri hatafuti mutu wa kuhurumia. Anatafuta mutu wa kumuachia mashine ya bei kali wiki kumi bila kuiua.

Barua moja ilinifanya nisimame. Mudogo wa kemia, ukurasa moja na nusu ya mateso, na kule chini, mbele ya "mupokee salamu zangu", mustari moja: "Pia nilifanya TFC juu ya maji ya visima." Nikamupigia. Kumbe alizunguka visima kumi na mbili kwa miguu, mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na pH-metre ya kuazima. Aliona visima viwili ambavyo asidi ilipanda sana kisha mvua, vingine havikubadilika, na mpaka leo hajui juu ya nini. Mutu ana swali la kweli mukononi, analificha nyuma ya machozi!

Kwetu tunafikiri sayansi yenyewe iko kule, huku tuna shida tu. Muangalie ile makala ya Kasulo, kartie ya Kolwezi ambayo watu walichimba kobalti kati ya nyumba. Ilitoka mwaka 2018 katika Nature Sustainability, na mwandishi wa kwanza ni Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na watu wa Leuven, Ubelgiji. Walipima kobalti ndani ya mukojo na damu ya wakaaji, wakalinganisha na watu wa mahali pa karibu ambapo hawachimbe. Tofauti ilikuwa kubwa, zaidi kwa watoto. Mateso yamo yote, lakini yamo kama vipimo, na dunia ikasoma.

Barua za profeseri sitazisema sana. Yule anayekuambia "andika mwenyewe, nitatia sinyatire" anakuuzia mufuko mutupu. Tafuta asistanti aliyekuona ukifanya kazi kwenye labo. Releve ya pointi, anza kuiomba mwezi wa kumi na moja, munajua zile ofisi. Na ukiona staji inayoomba feza ya "dosie" kwa simu, funga simu.

Yule mudogo wa visima alirudisha barua kisha siku nne. Nusu ukurasa. Inaanza na visima kumi na mbili, inaingia kwenye vile viwili, inasema mashine gani anataka kujifunza na kwa sababu gani. Mama na unga wamebaki na mustari moja, kule mwisho. Aliniandikia chini: "Yaya, haitaonekana kama ninajivuna?" Nikamujibu aongeze namba za pH.