Pambo na Kazi: Misemo ya Mkopo katika Nathari ya Kiswahili

Suala la maneno ya mkopo limejadiliwa mno kwa upande wa asili yake, na kwa nadra kwa upande wa kazi yake katika matini. Makala haya yanadai kuwa neno lisihukumiwe kwa nchi lilikotoka, bali kwa maana ambayo sentensi ingepoteza lau neno hilo lingeondolewa.

Mwandishi wa Kiingereza hupenda kupamba nathari yake kwa misemo ya Kifaransa, ambayo pengine Wafaransa wenyewe hawaitumii hivyo. *Nom de plume*, yaani jina la kubuni la mwandishi, liliundwa na Waingereza kwa maneno ya Kifaransa. Hadhira ya London ikitaka wimbo urudiwe huita *encore*. Ile ya Paris huita *bis*. Hapa msemo ni vazi la usomi.

Katika Kiswahili vazi hilo hushonwa kwa Kiarabu. Insha za shule nchini Kenya husheheni *fauka ya*, *kwa minajili ya* na *minghairi ya*. *Minajili* tayari inabeba maana ya "kwa ajili", hivyo "kwa" inayotangulia ni marudio matupu. Kasoro ya *minghairi ya* ni kubwa zaidi. Maana yake ya asili ni "bila ya", ilhali wanafunzi huandika *minghairi ya hayo* wakikusudia "zaidi ya hayo". Pambo limeipindua hoja.

Mombasa inatoa mfano wa mkopo wa namna nyingine. Jioni katika ufuo wa Mama Ngina, mihogo ya kukaanga hupangwa mezani na kukamuliwa limau, na wanawake hupita wamejitanda leso. *Meza*, *limau* na *leso* yana asili ya Kireno. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Maneno yao yakabaki kwa kuwa yalipewa kazi. *Leso*, iliyokuwa kitambaa cha mkononi, ikawa vazi zima lenye jina lililoandikwa upindoni. *Gereza*, kutoka neno la Kireno la kanisa, likawa nyumba ya kifungo na kupata wingi wake, *magereza*. Ngome yenyewe ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958.

Huenda ikapingwa kuwa majina ya vitu hayalinganishwi na viunganishi. Hata hivyo, *lakini*, *au* na *baada* pia yametoka katika Kiarabu, na hakuna ayatamkaye kwa kujionyesha. *Lau* nalo lina kazi yake: huonyesha sharti la kudhaniwa tu, lisilotimia. Katika shairi, maneno hayo mawili yana mizani sawa, lakini yanatofautiana kwa kina na kwa maana. Malenga achaguaye *lau* hajipambi.

Kwa hiyo utakasaji wa lugha si dawa. Mhakiki akifukuza kila neno la Kiarabu atabaki bila *fani*, *maudhui* wala *dhamira*. Linalohitajika ni kipimo cha kazi. Mwalimu anayetuza *fauka ya* kwa uzito wa sauti yake humfundisha mwanafunzi kuazima nguo. Akimuuliza neno hilo limeongeza nini katika hoja, ndipo atakapomfundisha kuandika.