Ubao Mbele ya Dirisha

Baba mdogo alikuwa seremala Mafinga, mji unaonukia mbao mbichi za paini kutoka msitu wa Sao Hill. Likizo zangu za shule ziliishia karakanani kwake, nikizoa maranda ya kuwapelekea wafuga kuku. Randa sikuruhusiwa kuigusa mpaka nijue kwanza kutazama.

Kutazama ni nusu ya useremala. Fundi huinua ubao, akaushika ncha moja kama mwindaji anayelenga, akafumba jicho moja na kuuelekeza dirishani. Ndani kabisa ya karakana, penye kigiza, kila ubao umenyooka. Ukiusogeza mwangani ndipo unapoona tumbo hapa, bonde pale, na ncha moja iliyojisokota.

Siku niliporuhusiwa, nilipewa kipande cha mninga, ule mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Nilipiga randa asubuhi nzima.

"Baba mdogo, tayari."

Hakujibu. Alinishika mkono hadi dirishani. "Usinitazame mimi, mwanangu. Tazama ubao."

Niliona mabonde matatu. Nikanung'unika kwamba nimeuharibu. Akacheka: "Dirisha halikuuharibu. Ulikuwa hivyo hivyo kule gizani."

Nimekaa kanisani miaka mingi tangu siku hiyo, na bado sijasikia mahubiri yaliyonieleza vizuri zaidi maana ya kumkaribia Mungu. Wengi wetu tulidhani kukua kiimani ni kujiona tumenyooka zaidi mwaka hadi mwaka. Mtume Paulo anaonyesha kinyume. Alipowaandikia Wakorintho, mnamo mwaka wa 55 hivi, alijihesabu mdogo kuliko mitume wote. Katika Waefeso amekuwa mdogo kuliko watakatifu wote. Katika barua ya kwanza kwa Timotheo, tayari ni wa kwanza miongoni mwa wenye dhambi. Je, Paulo alikuwa akiharibika? La. Alikuwa akisogea dirishani.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Hawakumcheka nyani tu. Walitaja udhaifu wa kila jicho linalojitegemea. Hakuna ajijuaye kwa kujikodolea macho. Tunajijua tukiletwa mbele za Mungu anayetuona.

Ndivyo walivyojifunza ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, muumini Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari mmisionari wa Gahini, Rwanda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto uliowaka miaka iliyofuata ulienea Rwanda na Uganda, ukafika Kenya na Tanganyika. Waliookoka walikuwa na msemo wao: kutembea nuruni. Walisimama mbele ya wenzao wakaungama kwa kutaja mambo yenyewe, na wapo waliobeba vitu walivyoiba wakavirudisha kwa wenyewe. Mficha uchi hazai, na wao walikataa kuwa tasa.

Lakini nuru peke yake ingetuvunja moyo. Sifa ya useremala ni kwamba anayekuonyesha kombo ndiye mwenye randa mkononi. Na fundi hatumii chombo kimoja. Msumeno huondoa vipande vizima, randa huondoa utepe, msasa huondoa vumbi tu. Kabla ya karatasi za dukani, mafundi walisugulia majani makavu ya mti uitwao msasa, na jina likahamia kwenye karatasi. Mwamini mchanga hukatwa kwa msumeno: ulevi unaanguka, wizi unaanguka, na jirani wote wanasikia kishindo. Miaka inapopita kazi huwa ya msasa. Ni kiburi kinachojificha ndani ya unyenyekevu, ni neno kali kwa mke mezani, ni sadaka iliyotolewa ili ionekane. Kinachoondoka ni vumbi, hakuna anayekiona, na mtu hudhani hakui tena. Kumbe sasa ndipo rangi ya mninga inapoanza kutokeza.

Palipo na kifundo, pale tawi lilipoota zamani, nyuzi za mti hugeuka, na randa ya pupa hung'oa vibanzi. Baba mdogo aliugeuza ubao, akanoa upya, akaingia kutoka upande wa pili kidogo kidogo. Hakukiziba kifundo. Mara nyingine ndicho kilichoupamba mlango. Vifundo vyangu navijua sasa kwa majina: msiba niliokataa kuulilia, na chuki niliyoirithi nikaiita haki. Sikuvigundua kwa kujichunguza. Viligunduliwa asubuhi za kukaa kimya na Neno, siku baada ya siku.

Basi, ndugu msomaji, ukipiga magoti usiku wa leo na kujiona una kombo kuliko mwaka jana, usiinuke haraka ukarudi gizani. Ubao ulioko dirishani tayari umo mikononi mwa fundi.