Gloria Monty na Mchezo wa Hospitali

Mchezo wa televisheni uitwao General Hospital ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 1 Aprili 1963. Ni mmoja wa ile michezo ya mfululizo ya mchana ambayo Waamerika huiita michezo ya sabuni, kwa kuwa tangu siku za redio watengenezaji wa sabuni waliigharimia ili wapate masikio ya wanawake walioshinda nyumbani. Kufikia 1978 mchezo huo ulikuwa umedhoofika, na shirika la ABC lilikuwa karibu kuukomesha. Ndipo akaitwa Gloria Monty, bibi aliyekwisha kuongoza michezo ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Monty alianza kwa kukata. Pale ambapo watu wawili walikuwa wakiketi kunywa kahawa na kusimuliana mambo ya jana, yeye alitia pilikapilika: maonyesho yakawa mafupi, vijana wakaletwa mbele, hata wanafunzi wa vyuo vikuu wakawa wapenzi wa mchezo huo. Mwaka 1981 aliwapa watazamaji kisa cha mtambo wa kugandisha mji mzima kwa baridi! Ni upuuzi, lakini upuuzi uliopangwa kwa ustadi. Mnamo Novemba mwaka huohuo, arusi ya Luke na Laura ilitazamwa na watu wapatao milioni 30, na Elizabeth Taylor mwenyewe alitokea humo kama mwigizaji.

Lakini msomaji na aulize jinsi wawili hao walivyofika kwenye arusi. Katika maonyesho ya 1979 Luke alimshika Laura kwa nguvu akamnajisi. Watazamaji walipowapenda waigizaji hao, Anthony Geary na Genie Francis, kosa likaanza kusemwa kana kwamba lilikuwa mapenzi. Hapa mimi simtetei Monty. Mtungaji anayo ruhusa ya kuonyesha uovu, tena pengine ni wajibu wake; bali akishauonyesha, haifai auvike nguo za arusi. Na yale mwendo wa haraka tuliyoyasifu ndiyo yaliyomsaidia kupita bila kuulizwa, maana Laura hakupewa nafasi ya kutosha ya kulia, wala mtazamaji ya kufikiri, kabla ya msukosuko mwingine kuingia.

Monty aliondoka mwaka 1987, akarudi 1991 lakini hakudumu, na alifariki mwaka 2006. Jambo lenyewe halikuzikwa. Mwaka 1998, mchezo ukiwa mikononi mwa watu wengine, mtoto wa Luke na Laura alipata habari ya lile tendo, na wazazi ikawabidi kumjibu. Kwa maoni yangu maonyesho hayo yashinda ile arusi, nayo yalihitaji kitu kilekile alichokikata Monty: watu kuketi chini, polepole, wakazungumza mambo ya zamani.